Siku Tuliyompata Mama Muhoroni

Makao nilikolelewa yalikuwa kwenye mteremko juu ya mji wa Kisumu, mahali ambapo asubuhi unaona ziwa na mchana unaona vumbi. Watu wa nje waliyaita nyumba ya mayatima. Sisi tuliyaita nyumbani, kwa sababu mtu akikuuliza njiani unakwenda wapi lazima umjibu kitu. Tulizungumza Kiswahili. Mlezi mkuu, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa Mluhya wa upande wa Maragoli, na watoto walikuwa Wajaluo, Wakisii, Waluhya na Wanandi wachache. Kijaluo tulikisema kwenye bomba la maji, ambako Mama hakufika.

Katika Kijaluo neno la yatima na neno la nyuki huandikwa sawasawa. Watoto wa shule ya msingi tuliyosoma waligundua jambo hilo mapema, na tulipopita kwenda darasani walitoa sauti ya kuvuma. Tulizoea. Mtoto mmoja mdogo wa kwetu aliamini kwa muda mrefu kwamba tunavumiwa kwa sababu ya sketi zetu za manjano.

Mimi sikuwa nimepotea, wala sikuokotwa. Baba yangu alikufa kwanza, kisha mama, na makaburi yao yanajulikana yalipo. Baba yangu mdogo alinileta makaoni akasema nitakaa mpaka mavuno yaishe. Mavuno yaliisha, mengine yakaja. Kila mwaka alifika na viazi vitamu, akaniuliza kama nasoma, akala chakula cha mchana mezani kwa Mama, kisha akasema mavuno haya yakiisha atanichukua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ndogo, na nadhani pia alipenda mapishi ya pale.

Mwenzangu wa kitanda alikuwa na habari nzuri kuliko zangu. Yeye alikutwa ufukweni Luanda Kotieno akiwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, amekaa kati ya wanawake walioanika omena, dagaa wa ziwa, na hakuna aliyesema ni wake. Katekista mmoja alimleta kwa baiskeli. Alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Hakukuwa na habari nyingine juu yake. Jina alilokuwa nalo alipewa na mmoja wa watawa wa makao, aliyefungua mlango siku hiyo, na lilikuwa jina la mtawa mwenyewe, kwa hiyo mtu akiita, wote wawili waligeuka.

Miaka michache baada ya uhuru, Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini alianza kutupeleka sinema mara moja kwa mwaka, Jumamosi mchana. Tulipanga foleni kutoka mteremkoni mpaka mjini, tukiwa tumepakwa mafuta mpaka magotini. Picha ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa ya Kihindi, na ilimhusu yatima.

Hatukuelewa lugha hata neno moja. Mama aliketi katikati yetu akatutafsiria kwa sauti, ingawa naye Kihindi hakukijua. Mvulana alitenganishwa na mama yake katika mafuriko. Mama wa mvulana alilia mpaka akapofuka. Mvulana alilelewa na mchukuzi wa mizigo stesheni, akakua, akawa kijana mzuri, na popote alipokwenda aliimba wimbo aliofundishwa na mama yake. Kila wimbo ulipoanza, Mama alituambia kijana anasema tusicheze karibu na maji. Mwishoni yule kipofu aliusikia wimbo sokoni, akapapasa uso wa mwanawe, na macho yake yakafunguka. Ukumbi mzima ulilia. Wanawake wa Kihindi walilia, wauza karanga mlangoni walilia, Mama alilia. Taa zilipowashwa watu waligeuka wakatutazama sisi, tulioketi safu ya mbele na sketi zetu za manjano, na wakaendelea kulia. Bibi mmoja aliniwekea biskuti mkononi. Niliila.

Nilipotoka nje nilikuwa na jambo moja la kufikiria. Katika picha ile hapakuwa na mtu kama mimi. Yatima wa sinema huwa amepotea, na aliyepotea huweza kupatikana. Mimi nilijulikana niko wapi. Baba yangu mdogo alikuja hapo kila mwaka bila kuuliza njia.

Jioni, tukiosha miguu, mwenzangu aliniambia kwamba mama yake yuko hai na kwamba atahitaji wimbo.

Wimbo wa mama yake hakuujua, basi akachukua ule wa sinema. Aliukumbuka vizuri kwa sauti, na maneno alijaza mwenyewe, mengine yakiwa majina ya vitambaa aliyoyasikia dukani kwa Mhindi. Aliuimba akifua, akipanga foleni ya uji, akitoka kanisani. Tulipotumwa mjini aliuimba kwenye kila kona yenye wanawake wengi. Nilimuuliza mama yake atautambuaje wimbo ambao hakuwahi kuusikia. Akaniambia nisiwe na haraka.

Mwaka huohuo mwalimu wetu wa shule ya msingi aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu yatima, ili uonyeshwe siku ya wazazi. Sisi wa makaoni tulidhani tutapewa nafasi zote. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja akasema hatufai, tuna mashavu. Nafasi ya yatima alipewa binti wa karani wa reli, ambaye alikuwa mwembamba na aliweza kulia akiambiwa. Kilichotakiwa kutoka kwetu ni nguo. Mama alitoa sketi moja, ikapelekwa shuleni, ikarudishwa baada ya siku chache na swali kama kuna iliyochakaa zaidi. Haikuwepo. Basi waliichana wao wenyewe. Siku ya wazazi tuliketi nyuma, kwa kuwa hatukuwa na wazazi wa kuketi nao mbele, tukamtazama binti wa karani akilala sakafuni ndani ya sketi yetu. Mwenzangu alisema anafanya vizuri, ila mtu halali hivyo, anaamka shingo inauma.

Sokoni kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeuza ngege wa kukaanga na omena, mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzito. Mama alinunua kwake kila wiki, na sisi wawili ndio tuliotumwa kubeba. Mwenzangu alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya meza yake na kuimba mpaka samaki wafungwe. Siku moja yule mama wa samaki alimwomba anyamaze, kwa sababu wateja wanadhani pana mahubiri ya dini mpya. Kisha akauliza kwa nini anaimba kila mara. Mwenzangu akamweleza, bila aibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta, kwamba anamtafuta mama yake, aliyemwacha Luanda Kotieno kwa wanawake wa omena.

Yule mama aliacha kufunga samaki. Akaomba kuuona mkono wa kushoto. Aliutazama kwa muda, akaushusha taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi nimeolewa huko," alisema. "Siku hiyo nilikuwepo. Nendeni nyumbani. Usiimbe tena, nitauliza."

Wauza samaki wa wakati ule hawakuhitaji simu. Samaki walitoka ufukweni wakaenda Kisumu, wakatoka Kisumu wakaenda Maseno, wakaenda mpaka Muhoroni kwa watu wa miwa, na maneno yalikwenda pamoja nao ndani ya vikapu. Sijui yalipita mikono mingapi. Ninachojua ni kwamba mvua ndefu zilinyesha zikaisha, na siku moja mama wa samaki alipanda mteremko wetu akiwa amevaa nguo za kanisani, akaomba kuzungumza na Mama. Walikaa ofisini mpaka chai ikaletwa mara ya pili. Kisha tuliitwa. Mama alisema kuna mwanamke Muhoroni, ameolewa na dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, ambaye huenda ni mama wa mwenzangu. Alisema neno huenda mara nyingi. Alisema pia kwamba mwenzangu hatakwenda peke yake na mtu baki, na kwa kuwa hakukuwa na mfanyakazi wa kumwachilia, nitakwenda mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi. Sijui nilitarajiwa kuzuia nini.

Tulipanda treni ya asubuhi na yule mama wa samaki na vikapu vyake. Behewa zima lilinuka omena na hakuna aliyelalamika. Mwenzangu alivaa sketi mpya ya manjano, na alikuwa amekunja mkono wa sweta wa kushoto ili kovu lionekane. Nilimuuliza kama ataimba. Alisema ataangalia kwanza kama mama haoni, kwa sababu kama anaona, haina haja.

Muhoroni palinuka sukari inayoungua. Tulipita katikati ya matrekta yaliyobeba miwa mpaka kwenye laini za wafanyakazi, nyumba zilizoshikana, kila moja na jiko lake nje. Mwanamke mmoja alikuwa mlangoni anachambua maharagwe, na mtoto mgongoni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyowaza, na macho yake yalikuwa mazima kabisa. Aliposikia mama wa samaki akibisha hodi alisimama, maharagwe yakamwagika. Akatutazama. Alinitazama mimi, akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi tena. Kisha akaja akanishika mikono yote miwili.

"Umekuwa mrefu," aliniambia.

Nilikuwa mrefu kweli.

Mama wa samaki alikohoa. "Huyo ni wa kusindikiza," alisema. "Wako ni huyu."

Mwanamke hakuniachia mara moja. Aligeuka, akamtazama mwenzangu, akauona mkono uliokunjwa sweta, akaugusa pale kwenye kovu kwa kidole kimoja. Hakulia. Mwenzangu naye hakulia, ingawa alikuwa amejiandaa, najua, kwa sababu alikuwa ameomba leso ya Mama. Watu wa sinema wangefika hapo wakapiga muziki. Sisi tulisikia trekta.

"Umekula?" mwanamke alimuuliza.

"Bado," mwenzangu akajibu.

Basi tukaingia ndani. Alitupa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai yenye sukari nyingi, maana sukari pale haikuwa shida. Tulipomaliza alituambia, huku akimbembeleza yule mtoto wa mgongoni, kwamba mumewe atarudi mchana. Mumewe hajui. Alipomwoa alimkuta hana mtoto, na yeye hakumwambia kwamba alikuwa naye. Kwa hiyo akija atamwambia sisi ni watoto wa dada yake, tunaosoma Kisumu, na sisi tumwite yeye mama mdogo.

"Wote wawili?" mwenzangu aliuliza.

"Mmekuja wawili," alisema.

Hivyo ndivyo siku tuliyompata mama tulivyoagizwa tumwite mama mdogo. Dereva alirudi, mtu mrefu mwenye mafuta ya trekta mpaka kwenye nyusi, akatusalimu, akatuuliza habari za shule, akatupa mkono kila mmoja. Alisema tumefanana. Hatukufanana hata kidogo.

Kwenye treni ya kurudi mwenzangu alikaa dirishani. Tulipoyapita mashamba ya miwa yote, aliniambia mama yake alikosea kwa sababu mimi nilisimama mbele. Nilikubali. Tangu siku hiyo, kila tulipokwenda Muhoroni, nilibaki nyuma yake mpaka salamu ziishe. Na tulikwenda kila likizo. Mama wa makaoni aliona heri mtoto awe na mama mdogo kuliko kutokuwa na mtu, na kwa kuwa sasa tulihesabiwa kuwa dada, hakuna aliyefikiria kututenganisha. Baba yangu mdogo alipokuja na viazi mwaka ule akakuta nimekwenda kwa watu, alishangaa, wakaniambia. Alikula chakula cha mchana akaondoka.

Mambo ya Luanda Kotieno tuliyasikia baadaye, likizo ya pili au ya tatu, tukimsaidia mama mdogo kuchambua mboga. Alisimulia bila kuulizwa. Alikuwa msichana wa shule alipopata mimba. Mwanamume alivuka ziwa akaenda kufanya kazi upande wa Mbita. Yeye alimbeba mtoto kwenda kumtafuta, lakini mwenye mashua akasema maji ni makali, hapakii watoto. Akamwacha kwa wanawake wa omena, arudi kesho yake. Mbita hakumpata mtu. Alipata homa, akalala kwa watu asiowajua mpaka nywele zikamtoka. Aliporudi aliambiwa mtoto alipelekwa Kisumu kwa watawa.

"Nilikuja," alisema. "Nilisimama barabarani chini ya mteremko. Mlikuwa mnapita kwenda kanisani, foleni ndefu. Sikujua ni yupi. Lakini wote mlikuwa mmevaa nguo safi."

Alisema hapo alijiuliza atampeleka wapi mtoto mwenye nguo safi. Kwao walikuwa wamemfukuza. Basi akarudi, akatafuta kazi ya kupalilia miwa.

Nilitazama mikono yangu. Nilingoja mwenzangu aseme neno kubwa, lile alilokuwa akiliandaa tangu sinema.

"Zilikuwa safi kweli," mwenzangu alisema. "Walizifua kila Ijumaa."

Wakaendelea na mboga. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia, nyuma ya jiko, mahali ambapo kuku walinitazama. Sikuwa nalia kwa ajili yake. Nililia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kusimama barabarani asijue mimi ni yupi.

Miaka ilipita kwa namna hiyo. Tulimaliza shule ya msingi, mwenzangu akaenda kusomea uuguzi, mimi nikapata nafasi chuo cha ualimu. Makaoni walitupa sanduku la bati kila mmoja na Biblia. Watoto wa Muhoroni walikua wakituita dada, na yule aliyekuwa mgongoni siku ya kwanza alianza shule. Mwenzangu hakuwahi kuteleza. Hata walipokuwa peke yao jikoni alimwita mama mdogo, na yule mwanamke aliitika kwa jina hilo kama watu wanavyoitikia majina yao.

Likizo moja ya Agosti, mwenzangu alipokuwa tayari amevaa sare za uuguzi na amepata mchumba, tulikwenda Muhoroni kupeleka habari. Ilipasa watu wa mchumba waje wajitambulishe mahali, na swali lilikuwa mahali gani. Tulikaa sebuleni, watoto wametolewa nje. Yule mama alianza kusema kwamba dada yake yuko mbali, na kwamba huenda ingefaa waende kwa mjomba, na kwamba huyo mjomba pia yuko mbali. Dereva, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa madereva na amepata mvi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Watakuja hapa," alisema. "Huyu ni mtoto wako. Kwa nini aende kwa mjomba?"

Yule mama alishika upindo wa nguo yake.

"Nilijua siku ileile waliyokuja," dereva aliendelea, si kwa hasira, kama mtu anayeeleza injini. "Anatembea kama wewe, mguu wa kulia anaurusha. Nilimwona akienda kuchota maji nikajua. Nilingoja uniambie. Halafu nikaona hamtasema, na mtoto alikuwa anakuja, anakula, anasoma, nikaacha."

Yule mama aliinuka, akaenda jikoni. Mwenzangu alimfuata. Sikusikia walichosema huko, na hakuwahi kuniambia, isipokuwa kwamba walikuwa na kuku wa kunyonyoa na walimnyonyoa. Aliendelea kumwita mama mdogo mpaka yule mama alipofariki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndilo jina yule mama alilojipa mwenyewe, na kwamba hilo lingine, mama, tayari lilikuwa la mlezi wa makaoni.

Mimi nilibaki sebuleni na dereva. Matrekta yalipita nje. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa upole na kwa mashaka, kama mtu aliyefika mwisho wa hesabu akakuta kitu kimezidi.

"Wewe ndiye uliyenisumbua," alisema. "Yule nilimjua. Lakini wewe, miaka yote hii, nimejiuliza wewe ni wa nani."

Nikamwambia. Nilimtajia jina la baba yangu na la mama yangu, na mahali walipozikwa, na mavuno ya baba yangu mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza ili ajue, si ili aandike. Alisikiliza akitikisa kichwa kidogo. Alisema yeye hawajui watu wa huko, ila aliwahi kupita na trekta karibu na hapo, na udongo wake ni mzuri.

Kisha akaniambia nisogeze kiti karibu na meza, kwa sababu kuku atachelewa na nilikuwa nimekaa mbali.